Makofi ya Huruma

Kila Olimpiki ya baridi ikikaribia, kuna mtu Nairobi atauliza, "Na Kenya iko?" halafu meza nzima icheke. Kicheko hicho nimekichoka, lakini makofi yanayokifuata ndiyo yananikera zaidi.

Hadithi tunayopenda ni moja. Nagano, Japani, 1998. Philip Boit, mkimbiaji wetu kutoka Eldoret, anashiriki mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji. Anamaliza wa mwisho, nambari 92, dakika 20 nyuma ya bingwa Bjørn Dæhlie wa Norway. Dæhlie anamngoja mstarini na kumkumbatia. Boit baadaye anampa mwanawe jina la Dæhlie. Machozi, makofi, basi.

Sasa itazame kama mtu wa michezo. Boit alipelekwa Finland 1996 akiwa mgeni kabisa wa theluji. Miaka miwili tu, na akamaliza mbio za Olimpiki! Hiyo ni kazi kubwa, haihitaji huruma. Lakini nani alilipa? Nike, kampuni ya Marekani. Boit akarudi Salt Lake City 2002, akarudi Turin 2006. Miaka hiyo yote, nyuma yake tulimwandaa nani? 2010 hatukuwepo. 2014 hatukuwepo. 2018 akaja Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, mwanamke wa kwanza kutuwakilisha kwenye michezo hiyo. Alijifunzia Austria, alikolelewa. Sisi tulichangia bendera.

Utaniambia hatuna theluji. Kwani Jamaica wanayo? Walianza Calgary 1988 wakichekwa hivi hivi, na Beijing 2022 bado walipeleka timu ya watu wanne ya kigari cha barafuni.

Utaniambia pia hakuna pesa, hospitali kwanza. Hiyo ni hoja, naiheshimu. Basi tuseme wazi kwamba mchezo huu hatuutaki. Tusichofaa kufanya ni kumwacha mtu ajitafutie kocha, tikiti na vifaa, kisha siku ya ufunguzi tumrukie na bendera na kumwita shujaa, ndio tusiulizwe maswali.

Mimi ni wa Woodley. Hapo Toi, marobota ya mitumba yakifunguliwa, hukosi jaketi za kuteleza kwenye theluji na glavu nene za baridi. Wanaozinunua ni watu wa boda, kwa sababu ya upepo wa Julai. Nguo za mchezo zimetufikia. Mchezo wenyewe bado.

Na barafu iko, wasee. Iko Mombasa Road, ndani ya hoteli ya Panari, tangu 2005. Hapo ndipo walipolelewa Ice Lions, timu yetu ya hoki ya barafuni. 2018 walipelekwa Kanada, wakacheza pamoja na Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na video ikazunguka dunia nzima. Nani alilipa? Tim Hortons, wauza kahawa wa Kanada. Tena kampuni ya nje, tena hadithi tamu ya kuuzia bidhaa. Mtoto wa Woodley akitaka kujaribu, ni matatu mbili kwenda, mbili kurudi, na kiingilio juu. Uwanja ni wa biashara, na sina ugomvi na biashara. Ugomvi wangu ni na taifa linalojiita la michezo huku likitegemea hoteli moja.

Siombi medali. Naomba saa chache za barafu kwa watoto wa shule, zilipiwe na serikali. Naomba hesabu za kila safari zitolewe hadharani. Na wewe msomaji, Mkenya akimaliza wa mwisho tena, kabla ya kupiga makofi uliza: kocha wake nani, nani alilipa, na anayemfuata yuko wapi?