Mijusi wa rangi adimu na uzuri wa mkakasi

Huenda wewe ni mmoja wa wale ambao wakimwona mjusi kafiri ukutani hukimbilia ufagio. Basi utashangaa kusikia kwamba huko Marekani na Ulaya kuna familia zinazofuga jamaa wa mjusi huyo sebuleni, zikamwekea kijumba cha kioo chenye joto na kumlisha nyenje.

Anayependwa sana ni mjusi-chui, ambaye asili yake ni sehemu kavu za Pakistan, Afghanistan na kaskazini magharibi mwa India. Huyu hapandi kuta laini, ana kope za kufumba macho, na mkia wake mnene huhifadhi mafuta ya kumsaidia wakati wa njaa. Ngozi yake ni ya manjano yenye madoadoa meusi, ndiyo maana akaitwa hivyo.

Lakini binadamu haridhiki na alichopewa. Mara moja moja huzaliwa mjusi mwenye rangi isiyo ya kawaida, na hapo ndipo biashara huanza. Katika miaka ya 1990, wafugaji wa Marekani walipata koo tatu tofauti za mijusi wasio na weusi mwilini. Rangi hiyo hujificha: mjusi sharti airithi kwa baba na kwa mama ndipo ionekane. Kwa hivyo aghalabu mfugaji humrudisha mtoto kwa mzazi wake, au huoanisha ndugu kwa ndugu. Ajabu ni kwamba ukioanisha koo mbili tofauti kati ya hizo tatu, watoto hutoka na rangi ya kawaida, na mfugaji asiyejua huona kazi yake imeenda bure.

Jike hutaga mayai mawili kwa mpigo, mara kadhaa kwa msimu. Mayai yakitunzwa katika joto la karibu nyuzi 26, wengi wa watoto huwa majike. Yakitunzwa karibu na nyuzi 32, wengi huwa madume. Yaani mfugaji anaweza kuchagua rangi, na kwa kiasi kikubwa hata jinsia! Lakini je, afya naye anaichagua?

Hebu tutazame kisa cha mijusi waitwao Lemon Frost, waliojitokeza Marekani katika miaka ya 2010. Walikuwa na manjano ya kung'aa kama ndimu mbivu, na weupe safi kama theluji. Tena rangi yao haikujificha: mzazi mmoja tu akiwa nayo, karibu nusu ya watoto huzaliwa nayo. Wanunuzi waliwagombania.

Muda si muda, vivimbe vyeupe vikaanza kuota kwenye ngozi za wapendwa hao. Wanasayansi wa Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, wakiongozwa na Leonid Kruglyak, waliwachunguza. Katika matokeo waliyochapisha mwaka 2021, walieleza kwamba zaidi ya asilimia 80 ya mijusi hao hupata uvimbe wa saratani unaotokana na chembe zinazoipa ngozi weupe wake. Waligundua kwamba badiliko linaloleta rangi hiyo liko mahali ilipo jeni iitwayo SPINT1, ambayo kwa binadamu pia inahusishwa na saratani ya ngozi. Kwa maneno mengine, kilichompamba mjusi ndicho kilichomuua.

Uchunguzi huo huenda ukawafaa wagonjwa siku moja, nasi tushukuru. Lakini mjusi-chui aliyetunzwa vyema anaweza kuishi hata miaka 20. Kuendelea kumzalisha mwenye ugonjwa unaojulikana, kwa sababu tu wanunuzi wapo, ni kuuza maumivu.

Wala usiseme haya ni mambo ya Wazungu na mijusi yao. Watazame mbwa wenye pua bapa wanaonunuliwa hapa Nairobi kwa sababu ya sura zao. Wengi wao hukoroma na kuhema kwa shida, maana sura hiyo ndiyo iliyobana njia ya pumzi. Kwa hivyo mwanao akikuomba mnyama wa kufuga, usianze na rangi wala bei. Uliza: wazazi wake wako wapi? Wana afya gani? Je, walikuwa ndugu? Nduguze waliotangulia waliishi miaka mingapi? Muuzaji akikwepa maswali hayo, rudi nyumbani na pesa zako.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mkakasi hauna roho, hivyo hauumii. Mnyama anaumia, na hana mdomo wa kukwambia. Wewe msomaji wasemaje?