MAJI KWANZA, UKUTA BAADAYE

Wandugu wafanyakazi, na ninyi wakaaji wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na Kipushi!

Tunataka kusema juu ya jambo linalokula mishahara yetu pole pole: pahali tunapochagua kukaa. Wengi wanaponunua pariseli wanauliza neno moja tu: «Bei gani?» Sisi tunasema hilo ni swali la tatu. La kwanza ni: maji yanatoka wapi? La pili: nitalipa kodi gani, na kwa nani?

Wazee wetu hawakuwa na uchaguzi. Mwaka 1910 Wabeleji waliweka kodi ya kichwa ya kulipwa kwa feza. Feza zilikuwa kwa kampuni, basi mtu alikwenda kwa kampuni. Katika kambi za Union Minière, nyumba na maji vilikuwa mikononi mwa yule yule aliyetoa kazi. Aliyepoteza kazi alipoteza na nyumba. Leo wengi wetu tunajitafutia pahali. Huo ni uhuru, lakini uhuru bila hesabu ni hasara.

Basi tufanye hesabu. Watu 6 nyumbani, kila mmoja litri 20 kwa siku: ni litri 120, yaani bidoni 6 za litri 20. Kwa mwezi ni bidoni 180. Tuseme bidoni moja ni franka 200: utatoa franka 36.000 kila mwezi, na 432.000 kwa mwaka. Tena hatujahesabu migongo ya mama na watoto, wala saa za masomo zinazopotea kwenye foleni. Pariseli ya bei ya chini huko pembeni inaweza kukula feza zaidi kuliko ile ya karibu na bomba.

Wengine wanajibu: «Nitachimba kisima.» Vema. Lakini kisima kifupi karibu na choo ni kaburi. Kiwe mbali na choo metre 30 au zaidi, wala kisiwe chini yake kwenye mtelemko. Mvua ikianza, uchafu unashuka, na kolera inafuata. Na katika inchi yetu ya shaba na kobalti, maji meupe kwa macho yanaweza kubeba sumu ya madini. Yapimwe kabla ya kunywa.

Sasa kodi. Sheria ya mwaka 1969 juu ya kodi ya udongo na nyumba iliweka miji na mahali kwa daraja: daraja likiwa juu, kodi ni kubwa. Katiba ya 2006 iliweka kodi hiyo, pamoja na kodi ya mapato ya nyumba za kupangisha, katika mambo ya provinsi. Tangu Katanga igawanywe mwaka 2015, anayehama kutoka Likasi kwenda Kolwezi anatoka Haut-Katanga na kuingia Lualaba: ofisi ya kodi si ile ile tena. Kabla ya kununua, mwombe muuzaji karatasi za kodi za miaka iliyopita, usije ukarithi matata ya mwingine.

Wako wanaosema: «Tukae mbali, huko watu wa kodi hawatufikii.» Hatukubali. Pahali kodi isipofika, mara nyingi bomba nalo halifiki, na feza unayomficha Leta utampa muuza bidoni.

Lakini Leta naye asikie. Kifungu cha 48 cha Katiba kinasema mwanainchi ana haki ya kupata maji ya kunywa. Sheria ya migodi ya 2018 inatoa 15 kwa 100 ya ushuru wa madini kwa komini, sekta na sheferi zenye migodi, kwa kazi za msingi za faida ya watu wote. Je, kuna kazi ya msingi kupita maji?

Basi, wandugu, tulipe kodi, tushike karatasi zetu, kisha twende kwa komini, si mmoja mmoja, bali kartie nzima, tuulize: feza za madini zimechimba foraji ngapi? Anayelipa na kunyamaza ameliwa mara mbili.