Mlango wa Miti na Bahari

Alhamdulillah, sifa zote njema ni zake Mola aliyeitandaza ardhi na kuisimamisha milima. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Baada ya darsa ya akina mama wiki iliyopita, alitujia mama mmoja akiwa na dukuduku. Binti yake wa miaka 14 huchora katika kishikwambi kila jioni. Baba ameona nyuso za watu katika michoro ile, na ameazimia kumnyang'anya chombo chenyewe. "Sheikh," akatuambia, "nikimtetea mtoto, namvunjia heshima baba yake. Nikinyamaza, mtoto atajificha nami pia."

Maneno hayo yalitukumbusha kijana mmoja wa madrasa yetu. Miaka iliyopita tulimwamuru afute michoro yake yote, wala hatukumwambia achore nini badala yake. Alitii, na tangu siku ile hakutuonesha tena kazi ya mkono wake. Kosa lile lilikuwa letu, nasi hatupendi lirudiwe katika nyumba nyingine.

Hofu ya baba ina msingi, kwani makatazo ya kuchora viumbe wenye roho ni mazito. Lakini Bukhari na Muslim wamepokea habari ya mtu aliyekuwa akila kwa kazi ya kuchora, akamwendea Ibn Abbas (R.A.) kumuuliza. Sahaba yule alimwonya, kisha hakumwacha aondoke mikono mitupu: alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Mlango mmoja ulifungwa, na mwingine ukafunguliwa papo hapo.

Waislamu waliupita mlango huo zamani. Msikiti Mkuu wa Damascus, uliojengwa katika utawala wa al-Walid bin Abdul-Malik (705–715 Miladia), umepambwa kwa vipande vidogo vya vioo vya rangi na dhahabu. Humo mna mto, miti mikubwa na majumba, wala hamna mtu wala mnyama. Hiyo ni mandhari kamili, na imedumu kwa zaidi ya miaka 1,300.

Basi, binti yetu, yashike haya machache.

Kwanza, uweke upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu. Upeo huwa daima sawa na kimo cha macho ya mtazamaji. Ukiketi mchangani, utashuka nawe, na mbingu itatawala picha. Ukipanda darini, utapanda nawe, na nchi itakunjuka chini yako. Amua umesimama wapi kabla ya kuchora chochote.

Pili, tumia tabaka. Programu za kuchorea hukuruhusu kuweka mbingu katika tabaka lake, milima katika lake, mikoko katika lake, na mchanga wa karibu katika lake. Anza na kilicho mbali, umalizie na kilicho karibu. Ukikosea mnazi, utaufuta bila kuiharibu mbingu.

Tatu, hewa hubadilisha rangi. Itazame milima ya Shimba ukiwa Mombasa: ina misitu ya kijani, lakini kwa mbali huonekana kama samawati iliyofifia. Kwa hiyo vya mbali vipauke na kupoteza ukali, na vya karibu vikolee. Wanaoanza hupenda kuchora kila jani la mti ulio ng'ambo ya maji, na mara umbali wote hupotea. Mbingu nayo hukolea utosini na kupauka karibu na upeo.

Nne, chagua wakati wa sala. Adhuhuri vivuli ni vifupi, vimejikusanya miguuni. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, Alasiri huingia kivuli kinapofikia urefu wa kitu chenyewe, ukiacha kile kivuli kidogo cha jua la mchana. Karibu na Magharibi vivuli hurefuka mno na nuru hugeuka dhahabu. Jua ni moja, basi vivuli vyote vielekee upande mmoja, kinyume na jua. Anayejua nyakati za sala kwa kivuli amekwisha jifunza nusu ya kazi hii.

Mwisho, ipunguze picha hadi iwe ndogo kama ukucha. Ikiwa mbingu, maji na nchi bado vinatambulikana, umefaulu.

Kwa baba yule tunasema kwa heshima: ukikichukua kishikwambi, utakuwa umekiondoa chombo, na mapenzi ya kuchora yatabaki moyoni mwa mtoto, yakitafuta pa kujificha. Weka mipaka ya saa, sala isipite, na nyuso ziachwe. Kisha keti naye barazani baada ya Alasiri, umwombe akuoneshe kivuli cha mnazi kimelalia wapi. Katika Suratul Ghashiya Mola ametuhimiza tuitazame mbingu, milima na ardhi. Huenda binti yako ndiye atakayekufundisha kuvitazama.

Nasi, tukikutana na yule kijana wetu, tutamwomba radhi.

Wabillahi tawfiq.