Friza Haigandishi? Weka Kisu Chini

Umefungua friza asubuhi ukakuta nyama imelegea na maji yanatiririka sakafuni. Kabla ya kumwita fundi, chunguza haya.

Kwanza, mlango. Bana noti kati ya mlango na mpira wake, kisha uivute. Ikitoka kwa urahisi, baridi inavuja. Osha mpira kwa maji ya sabuni; ukiwa umepasuka, badilisha.

Pili, barafu. Ikizidi unene wa nusu sentimita, huzuia baridi kufikia chakula. Zima stima, acha mlango wazi, uweke ndani sufuria ya maji moto. Tafadhali usikwangue kwa kisu! Ukitoboa bomba, gesi yote itatoka, na hapo utalia na gharama.

Tatu, nyuma ya friza. Vyuma vya huko vikijaa vumbi, joto halipati pa kutokea. Ukiwa umezima stima, vipanguse, kisha isogeze friza mbali kidogo na ukuta na jiko.

Iwashe, uipe siku nzima. Kipimajoto kionyeshe nyuzi 18 chini ya sifuri. Ikinguruma bila kupumzika na baridi haiji, sasa mwite fundi.

Na ile nyama? Ikiwa ingali na chembe za barafu, ipike leo. Iliyopata joto kwa zaidi ya saa mbili itupe, hata kama hainuki. Heri kupoteza kilo moja kuliko kukesha na watoto wanaoendesha.