*UPELE SI UCHAFU: TAMKO LA TAWI*

Ndugu wanachama,

Wapo viongozi wanaosimama mikutanoni na kusema watoto wetu wana upele kwa sababu hawaogi. Tawi linaikataa kauli hiyo.

Upele unaletwa na utitiri, mdudu mdogo mno anayechimba ngozi na kutaga mayai humo. Unaambukiza kwa ngozi kugusana. Anayeoga kila siku naye anaupata. Penye watoto watano kitanda kimoja unaenea haraka. Huo ni ufinyu wa nyumba, si uvivu wa kuoga.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Kwetu tunayaona: mama anaambiwa dawa zahanati hakuna, akanunue dukani. Ana hela ya chupa moja. Anapakwa mtoto mmoja, nduguze hawapakwi. Anayeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kuwashwa, huku anaambukiza wenzake. Mwezi ukiisha, nyumba nzima inajikuna. Vidonda vikiingiwa na bakteria, hata figo huweza kudhurika.

*Tunadai:* dawa ya nyumba nzima, siku moja, bila malipo, na fungu lake lionekane kwenye bajeti ya halmashauri.

Njooni mkutano wa mtaa. Diwani aulizwe hadharani: zahanati iliagiza chupa ngapi, na zilifika ngapi?

Kidole kimoja hakivunji chawa.

*Katibu Mwenezi wa Tawi*