Kugawa diski: hofu pasipo hatari, utulivu penye hatari

Tangu Microsoft isimamishe huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, wenye kompyuta zisizo na chipu ya TPM 2.0, ambayo Windows 11 inaidai, wamebaki njia panda. Wengi wanashauriwa kugawa diski na kuweka Ubuntu, mfumo wa jamii ya Linux, kando ya Windows, kisha kuchagua mfumo kila wanapowasha. Ushauri ni mzuri, ila umezungukwa na madai yanayotisha pasipo hatari na kutuliza penye hatari.

“Mifumo miwili huifanya kompyuta iwe nzito.” Ukiwasha Ubuntu, Windows inabaki diskini kama mafaili mengine, haigusi prosesa wala RAM. Kinacholiwa ni nafasi: Ubuntu 24.04 inaomba angalau GB 25, na Windows 11 inaomba GB 64. Kwenye diski ya GB 128 mifumo hiyo itabanana, na Windows iliyojaa pomoni huwa nzito kweli. Hapo wa kulaumiwa ni udogo wa diski. Mifumo hugombea RAM pale tu mmoja unapoendeshwa ndani ya mwingine, na hiyo ni kazi tofauti.

“Kugawa diski hufuta mafaili.” Windows yenyewe ina zana ya kupunguza patisheni, yaani sehemu yake ya diski, na ikikuta faili isiyohamishika hukataa kusogea zaidi. Kinachofuta ni mtu kuchagua “futa diski yote” wakati wa kupiga Ubuntu. Hatari isiyotajwa iko kwingine: kompyuta nyingi za kisasa hufunga data za diski kwa BitLocker bila mwenyewe kujua. Ukibadili mipangilio ya kuwashia, unaweza kudaiwa ufunguo wa tarakimu 48. Usipokuwa nao, mafaili yapo lakini huyafikii.

“Vitu vyangu nimeweka D, niko salama.” Hili ndilo linaloumiza watu zaidi, kwa sababu linafanana na ukweli. Windows ikiharibika, fundi anaweza kuipiga upya kwenye C bila kugusa D, na wengi wameokoka hivyo. Lakini mpaka kati ya C na D ni maandishi tu kwenye jedwali la patisheni. Kifaa ni kimoja. Diski ikifa au kompyuta ikiibwa, C na D zinaondoka pamoja. Nakala ya akiba ni ile iliyo kwenye kifaa kingine.

“Saa inapotea, badilisha betri.” Windows huandika saa ya mahali ulipo kwenye saa ya bodi, Linux huandika saa ya dunia, UTC. Afrika Mashariki iko saa tatu mbele ya UTC, kwa hiyo ukitoka Ubuntu na kurudi Windows, unaikuta saa imerudi nyuma saa tatu kamili. Betri iliyokufa haina hesabu nadhifu hivyo; mara nyingi hukurudisha miaka kadhaa nyuma. Dawa ni amri moja ndani ya Ubuntu: timedatectl set-local-rtc 1. Betri mpya itamfaidi muuzaji.

“Windows ikijisasisha itaifuta Ubuntu.” Dai hili lina chembe ya ukweli. Agosti 2024, sasisho la Windows lilizuia baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili kuiwasha Linux. Hata hivyo, kilichokataliwa na Secure Boot, ulinzi wa wakati wa kuwasha, ni programu ya kuwashia, mafaili hayakuguswa. Kwenye kompyuta za kisasa, za UEFI, kila mfumo una folda yake ya kuwashia, na tatizo la kawaida ni mpangilio kubadilika. Ni kwenye mashine za zamani, za MBR, ambako kuipiga Windows upya hufunika kweli njia ya kuiwashia Ubuntu. Ndiyo maana Windows hutangulia, Ubuntu hufuata.

Basi utaratibu ni huu: nakala nje ya kompyuta, ufunguo wa BitLocker mkononi, Fast Startup izimwe ili Windows isiache patisheni yake nusu wazi, nafasi ipunguzwe ndani ya Windows, kisha Ubuntu. Na fundi anayekataa kugawa diski eti data zitapotea, huku hajakuuliza nakala yako iko wapi, usimkabidhi kompyuta hata kwa kazi nyingine.