Naitrojeni ya Mto Mara: Kipimo Kitangulie Hukumu

Mto haumkatai mtu wala mnyama. Mto Mara huanzia katika nyanda za juu za Mau nchini Kenya, hupita katika Hifadhi ya Serengeti, kisha huzitenganisha wilaya za Tarime na Serengeti kabla ya kuingia Ziwa Victoria karibu na Musoma. Njiani hupokea taka za kiboko na nyumbu, za ng'ombe na mkulima, na za mchimba dhahabu. Katika mchanganyiko huo imo naitrojeni, ambayo athari yake yafaa ieleweke kwa kila mwananchi anywaye maji ya mto huo.

Naitrojeni si sumu kwa asili yake. Ni karibu sehemu nne kwa tano za hewa, nayo ndiyo inayoipa mbolea ya samadi nguvu yake shambani. Lakini kinachostawisha mahindi kinaweza kumwua samaki. Kinyesi kinapooza majini, vijidudu vinavyokiozesha hutumia oksijeni ambayo samaki huivuta. Na mkojo hutoa amonia, ambayo ikizidi ni sumu. Naitrojeni iliyosalia hufika ziwani, ambako huchangia kurutubisha mwani na magugumaji, na mimea hiyo inapokufa na kuoza huila oksijeni kwa mara nyingine.

Wataalamu Amanda Subalusky na Christopher Dutton, pamoja na wenzao, waliuchunguza mto huu kwa miaka mingi upande wa Kenya. Mwaka 2015 walikadiria kwamba viboko zaidi ya 4,000 huingiza mtoni kiasi cha kilo 36,000 za kinyesi kila siku, na kwamba kwa kinyesi na mkojo huingiza naitrojeni ya kilo 492. Mwaka 2018 walieleza jinsi kinyesi hicho kinavyorundikana chini ya vidimbwi wakati wa kiangazi. Mvua ikinyesha ghafla, mafuriko huyasukuma maji hayo yasiyo na oksijeni kuelekea chini, na samaki hufa kwa wingi. Hutokea hivyo hata pasipo kiwanda wala mgodi.

Mwezi Machi 2022 samaki walielea wakiwa wafu katika sehemu ya chini ya mto huo nchini Tanzania, na maji yakabadilika rangi. Kamati iliyoundwa na serikali, chini ya Profesa Samuel Manyele, ilitamka kwamba chanzo kilikuwa kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza, vilivyopunguza oksijeni. Wananchi wengi hawakuamini. Wengine walicheka, wakiuliza tangu lini mkojo wa ng'ombe ukaua samaki. Wengine waliushuku mgodi wa dhahabu. Shaka hiyo haikutoka hewani. Mwaka 2009 maji yenye asidi yalivuja kutoka mgodini hadi mto Tigithe, unaomwaga maji yake katika Mara, na watu wa Tarime hawajasahau.

Kwa upande wa elimu, maelezo ya kamati hayakuwa ya kuchekesha, kwa kuwa yanafanana na yale yaliyothibitishwa kwa viboko. Hata hivyo, maelezo yanayowezekana bado si ushahidi uliotimia. Ili kutenganisha kosa la ng'ombe, la kiboko na la mgodi, lazima ijulikane jinsi maji yalivyokuwa kabla ya msiba. Daktari anayemwona mgonjwa kwa mara ya kwanza akiwa maiti hutamka sababu ya kifo, lakini familia huondoka na manung'uniko.

Kwa hiyo, linalotakiwa ni upimaji wa kudumu wa oksijeni, amonia na naitreti: mahali mto unapotoka hifadhini, juu na chini ya makutano yake na Tigithe, na katika eneo la mafunjo kabla ya ziwa. Kazi hii ifanywe kila juma, na zaidi mvua za kwanza zinapoanza. Madini mazito yapimwe pia, ili mgodi uthibitishwe kuwa safi au uwajibishwe. Walimu wa sayansi wa sekondari za Tarime na Serengeti wanaweza kufundishwa kazi hii, na matokeo yasomwe katika mikutano ya vijiji.

Mfugaji naye asijifiche nyuma ya kiboko. Kwa kuwa mto tayari hubeba mzigo mkubwa wa maumbile, kila kundi la ng'ombe linaloingizwa kwenye mafunjo huongeza mzigo juu ya mzigo, na mafunjo yanayokatwa au kukanyagwa ndiyo yanayonyonya naitrojeni hiyo.

Mvuvi aliyeona takwimu za mto wake mwaka mzima ataweza kuipokea hukumu ya wataalamu, au kuipinga kwa hoja. Asiyeonyeshwa kitu ataendelea kucheka, na safari ijayo huenda akacheka ukweli.